Uji Alioupenda Badru

Mtama wa Bi Mwanamkasi haukuchanganywa na wa mtu. Kila Shaabani ilipokaribia kwisha aliuchambua mwenyewe barazani, akauosha, akauanika, kisha akaenda kuusimamia mashineni mpaka unga wote utoke. Ramadhani ikiingia, kila jioni aliloweka unga kiasi, ukalala ukachachuka kidogo. Kesho yake baada ya alasiri aliupika uji mwembamba, wa chumvi na pilipili manga iliyotwangwa siku hiyo hiyo, na akishauteremsha jikoni ndipo alipoukamulia ndimu. Sukari haikuingia, wala nazi. Ndivyo alivyopika bibi yake kule Pongwe, na ndivyo, kwa alivyojua yeye, alivyopenda mwanawe Badru.

Badru alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipokuwa na miaka tisa homa ilimlaza wiki nzima, kila anachopewa anakitapika, mpaka siku mama yake alipompa uji ule wa ndimu. Akanywa kikombe, akaomba cha pili. Tangu hapo aliwekewa uji huo kila asubuhi, hata akawa kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye pikipiki ya abiria, hata Shaabani moja lori likamgonga kwenye barabara ya Pongwe.

Bi Mwanamkasi akaweka nadhiri. Maadamu Mungu amempa mikono, kila Ramadhani atapika sufuria nzima ya uji ule, aupeleke kwenye msikiti wa mtaa wao hapo Makorora, wafungaji wafuturu, na thawabu zimfikie mwanawe. Kila alipofunika sufuria alisema maneno yale yale: "Ya Rabbi, mfikishie Badru alichokipenda."

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Kila jioni sufuria ilirudi tupu, nyepesi kichwani, na kwake wepesi ule ulikuwa ni jibu la dua.

Mwaka huu, asubuhi ya siku ya nane ya Ramadhani, Yasini, katibu wa msikiti, alipiga hodi.

"Shikamoo, Mama Badru."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ukae kitako."

"Sikai, mama. Nimetumwa." Akatazama vidole vya miguu yake. "Ule mfereji wa pale tunapotawadhia umeziba. Jana tumemwita fundi."

"Mnachangisha?"

"Hapana, mama. Fundi amefukua. Alichotoa mle ndani ni uji."

"Uji gani?"

"Mama, msikiti mzima una uji mmoja tu."

Bi Mwanamkasi akashika mwimo wa mlango. Yasini, kwa kuwa ameshaanza, akaona bora amalize.

"Watu wanaona haya kukurudishia kikombe kimejaa. Wanapiga funda moja la kufungulia, basi, unaobaki wanaumwaga wakipita kutia udhu. Hawa vijana, Mungu awasamehe, wanauita dawa ya minyoo. Mimi mwenyewe naunywa wote, wallahi."

"Usiape na saumu yako, Yasini."

Yasini akaeleza lililobaki haraka haraka: Bwana Khurshid mwenye duka la jumla ametoa mchele na sukari kwa ajili ya Mungu, na kamati imempa Bi Sabra apike. "Wa kwako hatukuukataza, mama. Sufuria zitakaa mbili. Kila mtu na ulimi wake."

Sabra alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu, na shoga yake wa siku nyingi. Kila asubuhi isipokuwa Ramadhani aliuza uji mlangoni kwake: uji wa mchele, mzito, wenye tui la kwanza, iliki na sukari isiyoonewa huruma.

Jioni ile sufuria mbili zilikaa kwenye ukuta wa ua wa msikiti, upande wanakopitia wanawake. Kwa Sabra watu walipanga mstari mpaka nje ya lango, kila mmoja ana lake la kusema.

"Bi Sabra, nitilie ule wa chini, uliosimama."

"Uliosimama kaule ugali, mimi nitilie wa juu."

"Karanga hukuweka? Kwetu uji bila karanga ni maji ya moto."

"Kwenu wapi? Nyie si ndio mnatia siagi kwenye uji?"

Walicheka kicheko cha watu wenye njaa walioona chakula. Kwa Bi Mwanamkasi alisimama mtu mmoja tu, Mzee Idarusi, aliyehamia kwa bintiye kutoka Ushongo.

"Nitilie, mwanangu."

"Ahsante, mzee wangu. Wewe umeukumbuka uji wa asili."

"Asili gani? Daktari kaninyima sukari. Ningekuwa mzima ungeniona kule."

Akamtilia. Alipoinua macho akamwona mumewe.

Mwinyijuma, fundi cherehani, alikuwa kwenye mstari wa Sabra, kikombe mkononi, kofia ameishusha usoni. Ilipofika zamu yake hakusema uliosimama wala wa juu. Sabra alichota chini kabisa ya sufuria, akamjazia, akafungua kikopo kidogo pembeni, akamnyunyizia sukari nyingine juu, akamwachilia. Hakumuuliza kitu. Wengine wote alikuwa akiwauliza.

Wa Sabra ulipokwisha, waliochelewa waliumaliza wa Bi Mwanamkasi. Naye jioni ile alilibeba jambo lake pamoja na sufuria tupu, akalala nalo, akaamka nalo kula daku. Kulipokucha alimfuata mumewe barazani kwenye cherehani.

"Baba Badru. Tangu lini Sabra anajua unavyopenda uji?"

Gurudumu la cherehani likasimama. Angeweza kudanganya. Labda ni saumu iliyomzuia.

"Zamani," akasema.

"Zamani ya lini?"

"Tangu Badru yu hai. Tukitoka kuswali alfajiri tulikuwa tunapitia kwake, kikombe kimoja kimoja. Kisha ndio tunakuja nyumbani kunywa wako."

"Mlikuwa mnapitia, wewe na nani?"

"Mimi na Badru."

"Badru alikuwa akiupenda uji wangu."

"Alikuwa akikupenda wewe. Uji alikuwa anauvumilia." Mwinyijuma alisema haya akikitazama kitambaa, si uso wa mkewe. "Ile siku ya homa ulimi wake haukuwa na ladha, Mama Badru. Angekunywa hata maji ya mwarobaini. Lakini ulifurahi mno. Ulilia kwa furaha. Mtoto wa miaka tisa angekwambiaje? Na alipokuwa mkubwa, angeanzia wapi?"

"Na wewe? Miaka yote hii naupika, nauombea, napeleka. Wewe ungeanzia wapi?"

"Ukiupika ulikuwa hulii. Nikasema, nikimnyang'anya hiki, atabaki na nini?"

"Kwa hiyo Sabra anajua, na wewe unajua, na mfereji unajua. Asiyejua ni mama mtu."

Akaingia ndani. Nyuma yake cherehani haikulia tena mpaka adhuhuri.

Alikaa juu ya mkeka na tasbihi mkononi, asiisogeze. Amali ni kwa nia, alijiambia, na Mola haangalii sukari. Aliliamini hilo tangu akiwa chuo cha Kurani, na hata sasa aliliamini. Lakini mbele ya macho yake Badru alikuwa anakaa mezani, tumbo limeshiba uji wa watu, anafumba macho, anakunywa, anapangusa midomo, anasema, "Ahsante mama, umenoga." Asubuhi ngapi? Na yeye alikuwa amesimama pale pale kumtazama, asione kitu. Lori lilimchukua Badru mara moja. Leo mumewe alikuwa amemchukua asubuhi moja moja, zote.

Unga ulikuwa umeshalowekwa, na nadhiri ni deni kwa Mungu. Alasiri akawasha kuni, akapika. Akateremsha, akakamua ndimu. Alipoinua kifuniko akafungua kinywa, "Ya Rabbi, mfikishie Badru alicho…" Akafunika sufuria kimya.

Msikitini Sabra alimwacha mtu na kikombe chake mkononi akamjia.

"Shoga, nimesikia mmesemezana. Badru aliniomba mwenyewe, nakuapia. 'Bi Sabra, mama asijue, ataumia.' Ndio maneno yake."

"Umemtunzia vizuri siri yake," Bi Mwanamkasi akasema. "Mimi mamake hakunipa hata moja ya kutunza. Rudi, watu wanakungoja."

Mzee Idarusi siku ile hakuja. Mstari wa kule ulijikunja mara mbili. Bi Mwanamkasi akachota kikombe kimoja, akakiweka mbele yake na tende tatu. Ndipo kivuli kikasimama juu ya sufuria.

Alikuwa Mwinyijuma, na kikombe kitupu.

"Nitilie na mimi," akasema kwa sauti ya chini.

"Unauonea hamu?"

Mwinyijuma akakigeuza kikombe mkononi.

"Umenivumilia miaka thelathini na tano, Baba Badru. Leo pumzika."

Akachukua kifuniko, akafunika sufuria, akaweka upawa juu yake. Mwinyijuma alisimama pale, kikombe kikining'inia kidoleni, hata waliokuwa kwenye mstari wakaanza kutazama. Hakwenda kwa Sabra. Akatoka langoni na kikombe chake kitupu.

Adhana ikalia. Bi Mwanamkasi akala tende, akanywa maji, kisha akanywa uji wake. Ulikuwa mzuri. Uchachu, chumvi na pilipili vimekaa kila kimoja mahali pake, kama alivyoonjeshwa na bibi yake kule Pongwe akiwa bado hajaota meno ya utu uzima. Hakuna aliyewahi kuupenda uji huu katika nyumba ile isipokuwa yeye. Akaunywa mpaka tone la mwisho, na kila funda lilimwambia hivyo.

Alipomaliza akainua mikono.

"Ya Rabbi," akasema, "mfikishie Badru alichokivumilia."

Akaswali pamoja na wenzake. Kisha akajitwisha sufuria, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, ilikuwa nzito. Aliupita mfereji bila kusimama, akaenda nayo nyumbani imejaa.