Maziwa ya Jua

Kuku wa Bibi Saning walikwisha kuzoea. Kila adhuhuri mkwewe Jovelyn aliporudi kutoka shamba la vitunguu, uso umemwiva na blauzi imemganda mgongoni, walimkimbilia upenuni kabla hajavua kandambili. Jovelyn aliinama, akakamua titi moja, kisha la pili. Maziwa yakaanguka mavumbini, na kuku wakayagombania kama waliotupiwa mchele. Ndani, mtoto Andoy alikuwa macho, akinyonya ngumi yake mwenyewe.

"Kamua vizuri," Bibi Saning alimwambia kutoka dirishani, mjukuu begani. "Hayo ya moto yatoke yote. Halafu upoe kwanza, usimpe na jasho."

"Ameshaamka lakini, Mama."

"Nimempa maji ya mchele. Atangoja."

Ndivyo Bibi Saning alivyofundishwa na mama yake, wala hakupata kusikia mtu akibisha: jua likimpiga mama, maziwa huchacha kifuani, na mtoto akiyanyonya hudhoofu. Wala Bibi Saning hakuwa mtu wa kukaa tu na kutoa amri. Tangu mwanawe Nestor aende Manila kujenga maghorofa ya watu, yeye ndiye aliyemtunza mkwewe kama yai. Kila alfajiri alichuma majani ya mlonge, akayapika supu na papai bichi na samaki, akasimama palepale mpaka Jovelyn amalize bakuli. Maziwa yakaja, tena kwa wingi. Mtoto ndiye aliyebaki vilevile. Ngozi ya mapaja yake ilikuwa na mikunjo mitupu, kama suruali ya kuazima.

Bibi Saning alikuwa akimvisha nepi huku anatazama pembeni. Mapaja kama yale alikwisha kuyaona. Kifungua mimba wake, Crisanto, alizikwa nyuma ya kanisa kabla hajaota jino, na tangu siku ile hakuna kitu alichokiogopa duniani kama mtoto mchanga anayekonda.

Siku ya kupima watoto walikwenda wote watatu kwa miguu hadi zahanati. Mkunga Perlita, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, alimtia Andoy katika mfuko wa kitambaa, akamtundika kwenye mizani. Watoto wengine walikuwa wakirusha mateke humo. Andoy alining'inia tu, anatazama dari.

"Jamani," alisema mkunga, "mwezi mzima kaongeza uzito wa kitunguu. Tena si kile kikubwa cha kupeleka sokoni."

Wanawake waliokaa kwenye benchi walicheka, kisha wakaona uso wa Jovelyn, wakanyamaza.

"Maziwa yangu hayatoshi?" aliuliza Jovelyn. "Niambie tu. Nimpe ya kopo?"

"Nani kasema hayatoshi? Mnyonyeshe hapahapa, nimwone."

Jovelyn akafungua vifungo. Lakini walikuwa wametembea juani, kwa hiyo alitoa kitambaa mfukoni, akaanza kukamulia humo.

"We! Unafanya nini?"

"Natoa ya jua kwanza."

Mkunga alikitazama kile kitambaa kilivyolowa. Akauliza anafanya hivyo mara ngapi. Jovelyn akajibu kwamba kila atokapo shambani, na kwamba ni tangu uvunaji uanze.

"Na nani kakufundisha?"

Jovelyn akainamisha macho. Angeulizwa mpaka jioni asingemtaja mtu, na Bibi Saning alilijua hilo. Lakini hakuwa mwanamke wa kujificha nyuma ya binti mdogo.

"Mimi," alisema.

"Bibi yangu, titi si chungu cha mboga. Kilichomo humo hakichachi. Jua limchome mpaka abambuke ngozi, maziwa ni yaleyale. Nyie mnamwaga chakula cha mtoto, halafu mnamjaza maji tumboni!"

"Nimezaa wanne mimi," alisema Bibi Saning, sauti ikimpanda. "Wa kwanza nilimnyonyesha huku nalima, akafa. Watatu waliofuata baba yao alinikataza kutoka, nikakaa nao ndani, na wote wamekua wana watoto wao. Sasa niambie jua halina neno."

Mkunga aliposema tena, alisema taratibu, na hilo ndilo lililomtisha Bibi Saning.

"Huyo wa kwanza, mama. Maziwa ulikuwa ukiyamwaga?"

"Nilimwaga. Kila siku nilimwaga. Alipozidi kukonda nikamwaga zaidi, maana nilidhani..."

Mkunga alikichukua kitambaa mkononi mwa Jovelyn, akamweka mtoto vizuri kifuani, akasema bila kumtazama mtu, "Kila akitaka, mpe. Akilala sana, mwamshe. Matiti yote mawili. Hayo maji ya mchele kunyweni wenyewe. Wiki ijayo mrudi nimpime, na mkiona hakojoi au anachoka kunyonya, mleteni siku hiyohiyo."

Njiani kurudi, Bibi Saning alitembea nyuma. Kwanza alimkasirikia mkunga, na hasira ile ilimsaidia mpaka darajani. Baadaye hata hiyo ilimtoka. Miaka yote ile alikuwa na jua la kulilaumu, na lilikuwa mbali, halijibu wala haliulizi. Sasa alijiona msichana wa miaka kumi na tisa, amechuchumaa kando ya shamba, anajikamua mpaka tone la mwisho, anajisifu moyoni kwamba hakuna mama anayempenda mwanawe kuliko yeye. Ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba alikuwa na bidii.

Kesho yake adhuhuri Jovelyn alirudi kutoka shambani, akasimama upenuni, mkono kwenye kifungo, akamtazama mama mkwe. Bibi Saning akatoka na Andoy, akamweka mikononi mwake.

"Mpe."

"Nina jasho, Mama."

"Mpe na jasho lako hilohilo."

Andoy alishika titi. Mwanzoni alinyonya kwa uvivu, kisha koo lake likaanza kusikika, funda baada ya funda. Bibi Saning alisimama akisikiliza. Furaha ilimjia, lakini ilikuja na maumivu makali, akakaa kwenye ngazi na kulia bila kujifunika uso.

Jovelyn alikaa karibu naye.

"Mama," alisema. "Jana ulipotoka nje kidogo, mkunga aliniambia neno. Alisema mtoto akiondoka vile, kama huyo wako wa kwanza, mara nyingi huwa ni moyo. Kazaliwa na moyo mbovu."

Bibi Saning hakuwa ametoka nje. Alikaa kwenye benchi lile tangu walipoingia mpaka walipoondoka, na mkunga hakuwa ameshusha sauti hata mara moja kwa ajili ya siri. Akamgeukia mkwewe. Binti alikuwa hajui kudanganya, masikio yamemwiva hadi ncha.

"Alisema moyo?"

"Moyo, Mama."

"Hata ningempa yote?"

"Hata ungempa yote."

Bibi Saning aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akashika upindo wa sketi yake, akampangusa mkwewe jasho la shingoni.

"Mgeuzie la pili," alisema. "Hilo limekwisha."