Mamba Wadogo wa Tuta la Maharage

Wifi yake Mama Matuta alikuwa amechuchumaa kando ya tuta la maharage, kibano mkononi, akiinua jani moja moja kama anayekagua pindo la gauni la harusi. Kila alipokiona kidudu cheusi chenye mwili wa kuchongoka na madoa ya rangi ya chungwa, alikibana kiunoni na kukidondosha kwenye bakuli la maji ya sabuni. Mama Matuta mwenyewe, aliyekuwa akipandikiza miche ya giligilani pembeni, alimwangalia kwa jicho la pembeni akaridhika. Angempata wapi mtu mwingine wa kuifanya kazi ile bila kuvunja hata kikonyo?

Jina la Mama Matuta alipewa na majirani, kwa kuwa nyuma ya nyumba yake hapakubaki pa kuanikia hata leso. Kila palipo na udongo pamepandwa kitu. Wifi yake alikuwa mshonaji, dada wa mumewe, aliyehamia kwao baada ya pumu kumzidi nguvu akawa hawezi tena kuishi peke yake. Walimpa chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia maharage. Hakuwa amemaliza hata kupanga nyuzi zake pale mume wa Mama Matuta, fundi bomba, alipoingia bustanini na pampu mgongoni kupiga dawa ya vidukari, vile vidudu vya kijani vinavyofyonza majani. Jioni ile dada yake alikosa pumzi, midomo ikageuka rangi, wakamkimbiza hospitali.

Tangu hapo Mama Matuta alisema dawa basi. Alipanda maua ya njano yenye harufu kali, akachomeka vitunguu katikati ya maharage, akaiacha giligilani ya zamani ichanue. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba palipo na maua hayo huja wadudu wekundu wenye madoa meusi, mgongo wa mviringo kama bakuli lililofunikwa, nao huwala vidukari kama watu waliofunga kutwa. Na kweli wekundu walikuja. Lakini vidukari hawakupungua. Walijazana chini ya majani, kijani juu ya kijani, majani yakajikunja.

Mumewe hakuwa mtu wa kugomba. Alisema tu wakati wa kula, akiwa ameinamia sahani, kwamba atavumilia hadi mwisho wa wiki. Mambo yakiwa bado hivi, atapiga dawa, na dada yake atakaa kwa binamu yao kwa muda. Binamu huyo walimjua. Kwake watu hulala sebuleni kati ya magunia ya mkaa, na hakuna mgonjwa wa kifua aliyewahi kupona juu ya vumbi la mkaa. Wifi aliitikia kwa upole kwamba ni sawa, asiwe mzigo kwa mtu. Kesho yake alikuwa bustanini kabla ya wote, akiuliza afanye nini.

Ndipo Mama Matuta alipomwonyesha wale weusi. Hakuwahi kuwajua ni nini, lakini alikuwa amegundua kwamba kila palipo na vidukari nao wapo. Wana sura mbaya, miguu kama ya mjusi, wanatembea kwa kujiamini. Wifi aliwaita mamba. Wakakubaliana mamba ndio wanaoleta balaa, na mshonaji akaanza kuwaondoa asubuhi na jioni.

Wachache alikuwa amewatia kwenye chupa ya vifungo pamoja na jani, ili kaka yake aje aone adui. Kaka alichelewa kurudi kutoka kazini siku hiyo, chupa ikasahaulika dirishani. Mamba mmoja alijibandika kwenye jani akajikunyata, wakadhani amekufa. Asubuhi moja wifi alipotaka kuimwaga, akakuta ile maiti imepasuka mgongoni. Juu yake amekaa mdudu wa rangi ya kiini cha yai, laini, hana doa hata moja. Akamwita Mama Matuta. Wakasimama wawili dirishani, na mbele ya macho yao ile njano ikaanza kuiva kuwa nyekundu, na madoa meusi yakajitokeza polepole, moja baada ya jingine.

Mama Matuta alikaa kitandani. Wifi aliliangalia bakuli la sabuni, kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda akaanza kukunja nguo.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nimewaua watoto wote wa wafanyakazi wako. Sasa nisubiri nini? Nikae niwamalize na wazazi?"

"Nani aliyekuonyesha wa kuua?"

"Kibano alishika nani?"

"Usininyang'anye kosa langu," alisema Mama Matuta. "Ningejua hutaki kubaki bila lako, ningekuachia moja dogo. Hili ni langu. Weka hiyo sketi chini."

Wifi alicheka, kicheko kikamletea kikohozi, akakaa akishika kifua. Mama Matuta alimpa kile kifaa chake cha kuvutia dawa, akasubiri pumzi irudi. Kisha alimwambia asilolisema mezani: kwamba nyumba hii ilikuwa na watu wawili wanaoulizana habari za koki na habari za mboga, basi, mpaka alipokuja yeye. Maharage yakifa atapanda mengine. Wifi aliiacha sketi juu ya sanduku, si ndani wala nje.

Palikuwa na kiwanja cha jirani, mwalimu mstaafu, kilichoachwa kikaota magugu na kunde za kujiotea. Mwalimu aliwaambia wachukue wadudu wote wawatakao, hata na nyoka kama wapo. Kunde zilikuwa zimejaa vidukari, na mamba walikuwa kila mahali. Wifi alitupa kibano, akachukua brashi laini ya kufutia vumbi kwenye cherehani, akawa anawasukuma mmoja mmoja waingie kwenye kijiko, na Mama Matuta akawapeleka kwenye maharage, jani kwa jani.

Fundi bomba aliporudi akawakuta magoti yamejaa udongo. Wakamweleza yote, kila mmoja akijitwisha lawama na kumkatiza mwenzake. Akavaa miwani, akainamia jani aliloonyeshwa. Mamba alikuwa amemshika kidukari akimtafuna bila haraka.

Akavua miwani. Kisha akasema, "Mimi mteja akinisimamia kichwani namuuliza kazi ni yako au yangu. Hii ni yenu. Ule mwisho wa wiki wa kupiga dawa niliupanga mimi. Naufuta."

Dada yake hakuinua uso, lakini brashi ilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Walifika katikati ya tuta giza likaanza kuingia, na mamba weusi wakawa hawaonekani kwenye magugu. Kunde za upande wa ukuta zilikuwa hazijaguswa kabisa. Mama Matuta alisema waache, wasije wakawakanyaga.

"Kesho tuanzie ukutani," alisema wifi. "Na utafute kijiko kingine. Hiki kina makali, kinawaumiza."