Nailoni ya Korido

Asubuhi aliyofariki Msimamizi, mjomba wake alikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, vumbi limemfunika hadi nyusi. Muuguzi alisimama chini akamwita, "Fundi, shuka." Hakusema ashuke kwa nini. Mjomba akashuka, na kabla hajafika sakafuni alikwishajua.

Msimamizi lilikuwa jina la utani. Alikuwa binti wa dada yake, mtoto pekee, mwenye miaka minane na saratani ya damu. Mkandarasi alipoleta mafundi kubomoa ukuta wa zamani ili korido ya wodi ya watoto ipanuliwe, mjomba alishukuru: kazi na mpwa mahali pamoja! Katikati ya korido walitundika nailoni nzito, kutoka darini hadi chini, kingo zote zikabandikwa selotepu. Muuguzi mkuu aliwakusanya mafundi.

"Hiyo isifunguliwe. Dawa zimewamaliza nguvu hawa watoto. Vumbi mnalolitema ninyi, wao linawaua."

Mjomba alisikia. Hilo ndilo lililomkaa rohoni baadaye, kwamba alisikia vizuri.

Lakini mtoto alikuwa amechoka kutazama dari. Siku moja mama yake alipotoka kidogo, alijikokota na barakoa yake mpaka kwenye nailoni, akaigonga kwa kidole.

"Fundi! Unaupiga huo ukuta au unaubembeleza?"

"Ukuta wa wazee huu, bosi. Unataka heshima."

"Nitakukata mshahara. Fungua nione."

"Muuguzi atanikata kichwa."

"Kichwa chenyewe hukitumii!"

Mjomba akacheka hadi akaegemea ngazi. Akabandua kona moja, upana wa sahani, akapiga nyundo tatu za kujionyesha. Upande wa pili mtoto alipiga makofi. Kisha mjomba akairudisha selotepu, akaisawazisha kwa dole gumba. Kidogo tu siku ile, kidogo tu kesho yake, na kidogo kidogo hujaza kibaba.

Kikohozi kilianza kama mchezo. Ikafuata homa isiyosikia dawa, wakamhamishia chumba cha mashine za kupumulia, ghorofa ya juu. Hakushuka tena.

"Ni ukungu, yaani kuvu, umeingia kwenye mapafu," daktari aliwaeleza mjomba na dada yake baada ya msiba kuwafika. "Hukaa kwenye kuta za zamani, hupeperuka na vumbi. Mimi na wewe tunauvuta, hatuna habari."

"Kwa hiyo ameupata hapa?" dada aliuliza.

"Huenda. Huenda alikuja nao pia. Hatutajua."

Mjomba aliiegemea ile "huenda" kama mtu anayekanyaga ubao uliooza. Haikumbeba. Akaacha kazi, akaacha na kupita kwa dada yake, mpaka dada mwenyewe alipomfuata nyumbani.

"Kaka, mbona unanikimbia?"

"Kazi nyingi."

"Kazi ipi? Mkandarasi kaniambia umeacha."

Mjomba akainamisha kichwa.

"Nilikuona," dada alisema. "Nilikuwa narudi na chupa ya chai. Nikaona kona imebanduka, naye anacheka. Hajacheka vile tangu waanze kumchoma sindano za mgongo. Nikarudi nyuma polepole, nisije nikalazimika kukukataza."

"Dada, nitukane."

"Nikutukane? Halafu mimi nani anitukane?"

Kila mmoja akautazama mlango. Kungekuwa na nafuu kama mmoja wao angekuwa hana hatia, ampige mwenzake, yaishe. Dada akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Jumapili uje ule. Sina ndugu mwingine."

Mjomba akaenda. Mpaka sasa huenda kila Jumapili. Hawamtaji mtoto. Wanakula, mjomba anaosha vyombo, kisha anarudi kwake.