Tofali Lililobaki

"Moja tena," alisema Symphorien, na tofali likabaki mkononi mwake.

Denise aligeuza uso. Tangu asubuhi shemeji yake huyu alikuwa akipanga na kupangua matofali ya marehemu mumewe Edmond, na vumbi jekundu lote lilikuwa limeishia kwenye sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo. Edmond aliyachoma kwa ajili ya ukuta wa chumba chao, ulioangushwa na mvua. Sasa kilichoziba pale ni turubai. Lakini matanga yalikwisha, ukoo ukasema mali igawanywe kwa ndugu wa damu, na mjane si damu. Haya.

Matofali yalikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na moja. Ndugu watatu wakagawana, likabaki moja. Kulipasua hawawezi, maana kwao kuvunja kitu cha marehemu ni kumvunja mwenyewe. Kuliacha pia hawawezi. Kitu cha marehemu kikikosa wa kukimiliki huzaa ugomvi. Basi Symphorien akapata dawa: kuongeza watu. Akawaingiza wapwa wawili kutoka Manono, wakawa watano. Likabaki moja. Akamkumbuka shangazi wa Kirungu, wakawa sita. Moja. Mtoto wa shangazi, saba. Moja! Denise alikuwa amechoka, amechoka kabisa. Watu ambao hata mazishini hawakufika wanapewa ukuta wake, na yeye aliyekanyaga ule udongo wa matofali pamoja na Edmond hakuhesabiwa hata kwa bahati mbaya.

Mwishowe Symphorien akamwomba msaada Mama Agathe, jirani, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua. Agathe alitoa simu, akabonyeza weee, akakunja uso.

"Papa, musichoke bure. Hii namba haigawanyike. Inakubali njia mbili tu: watu elfu mbili mia tatu na kumi na mmoja, kila mutu tofali moja. Ao mutu mumoja, yote."

Symphorien alikaa juu ya rundo. Alianza kuwahesabu jamaa kwa vidole, akaacha. Ukoo wao si mkubwa hivyo, alinung'unika.

Hapo uvumilivu ukamwishia Denise.

"Shemeji, sheria njo yenu, haiko yangu. Basi mutafute huyo mutu mumoja. Nani alikanyaga udongo na Edmond?"

Upepo wa ziwa uliinua turubai, kitanda kikaonekana, kimesukumwa kwenye pembe iliyobaki kavu. Symphorien alikitazama kwa muda. Kisha akainuka na lile tofali lake, akazunguka nalo uani kama mtu aliyesahau alikotumwa, hadi penye ukuta ulioanguka. Akafuta msingi kwa kiganja, akaliweka. Likacheza. Akalishindilia kokoto mpaka likatulia.

Akarudi kwenye rundo na, bila kumtazama Denise, akachukua mawili.