Nati za Kisiagi cha Boito

Kitu kidogo cha chuma kiligonga sahani ya bati, kikazunguka, kikatulia. Halafu kingine. Jogoo hakuwa amewika bado. Nilimfunika mwanetu Gesare vizuri pale kitandani, nikaenda jikoni.

Mume wangu, Onyancha, alikuwa amepiga magoti kando ya koroboi, bolti moja mkononi, akijaribu nati hii na ile. Iliyobisha kuingia aliitupa kwenye sahani. Iliyoingia aliiweka juu ya kiti cha wageni.

"Umelala kweli, Baba Gesare?"

"Nimelala nusu."

"Nusu ya juu ama ya chini?"

Hakucheka. Aliinuka, akaenda mlangoni, akachungulia nje kana kwamba kuna mtu amemwita, akarudi kupiga magoti. Niliwasha moto nikaweka chai, maana sikuwa na la kumsaidia.

Wakati huo ndipo tulipoendesha kisiagi pale Boito, cha kusaga mahindi na wimbi. Sisi tulitoka Kisii. Kiwanja tulichojengea tulipewa na Mzee Kipkorir, Mkipsigis wa hapohapo, ambaye kila jioni alikuja kunywa chai kwetu. Injini yetu ilikuwa ya Mwingereza, kuukuu, na bolti na nati zake zilipimwa kwa inchi. Kinu chenyewe Onyancha alikinunua huko Mulot kwa wakulima wa ngano. Hicho kilitoka nchi nyingine ya Ulaya, nati zake zilikuwa za milimita. Ukiziona hivi hivi, zote ni nati tu. Onyancha alikuwa na spana za aina mbili, na hasira za aina mbili pia.

Siku iliyotangulia alifungua injini na kinu pamoja, abadilishe beringi. Nati za inchi akazitandaza juu ya gunia moja uani, za milimita juu ya gunia lingine, akaenda dukani kutafuta grisi. Mvua ikaja. Mimi nilikuwa shambani. Mzee Kipkorir, akipita, aliona vitu vya watu vinanyeshewa. Akaviokota vyote, akavitia katika mkebe mmoja. Hakuishia hapo. Aliketi chini ya paa letu, akafuta kila nati kwa shuka yake mwenyewe, akazipaka samli ili zisishike kutu. Tuliporudi alitukabidhi mkebe kwa mikono miwili. Zote ziling'aa sawasawa.

Onyancha alisema asante. Mzee alipokwisha kwenda ndipo akakaa chini akashika kichwa.

Sasa mjue kwa nini hakulala. Siku hiyo iliyokuwa ikikucha wageni walikuwa wanakuja kwa jirani yetu Chepkosgei, kumposa binti yake Priscah. Mahindi na wimbi vya karamu vilikuwa mlangoni kwetu tayari, katika madebe mawili. Kwetu debe lilishika foleni kwa niaba ya mwenyewe. Unaliacha jioni, na hakuna mtu wa kulisogeza. Kisiagi kingine kilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Wageni wangefika adhuhuri. Kama unga haupo, Chepkosgei angewakalisha wakwe mbele ya sahani tupu, ama apite nyumba kwa nyumba akiomba unga siku ya heshima ya mtoto wake.

Kulipopambazuka Onyancha alikuwa na nati nne alizozipenda, zilizoingia kwa ulaini bila kubishana. Alifunga injini juu ya msingi wake, akakaza. Wanawake walikuwa wamekwisha kufika, Chepkosgei mbele, amevaa gauni la kanisani na kanga juu yake lisichafuke. Mzee Kipkorir naye alisimama kando, amevaa koti jeusi. Yeye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo mbele ya wageni.

Onyancha akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikashika. Wanawake wakapiga vigelegele. Chepkosgei akainua debe lake.

Halafu injini ikaanza kucheza. Kwanza kidogo, kama mtu anayetikisa goti. Nati moja ikaruka, ikapiga ukuta wa mabati, na mkanda ukachomoka ukachapa hewani. Nilimvuta Chepkosgei kwa kanga yake. Onyancha akazima.

Mama mmoja nyuma akachukua debe lake kwenye foleni, bila neno, akajitwika akaondoka. Mwingine akamfuata.

"Onyancha," Chepkosgei akasema, "niambie ukweli. Unga iko ama haiko?"

Onyancha alikuwa ameokota ile nati. "Hii si ya hapa. Hii ni ya milimita, bolti ni ya inchi. Inaingia vizuri kwa sababu inapwaya, na hiyo samli..."

Nilimwangalia mume wangu, nikamwangalia mzee. Onyancha si mtu mbaya, lakini alikuwa amekosa usingizi, na neno likishatoka kwa kijana kwenda kwa mzee mbele ya wanawake haliokotwi.

"Ni mimi?" Mzee Kipkorir akauliza. "Ni mimi nimeharibu?"

Onyancha aliikunja nati ndani ya kiganja. "Hapana, Mzee. Ni mvua."

Mzee alitoka nje.

"Kumbe hata chuma iko na kabila!" Chepkosgei akasema. "Basi wewe Mkisii, mbona uliingia kwetu na hujaruka?"

"Mimi nilikazwa polepole."

Waliobaki wakacheka, na kicheko kile kilitusaidia kupumua. Nikaenda jikoni nikaleta sahani ya nati zilizokataliwa. "Baba Gesare, labda ulitupa zile zinazofaa. Zinazobisha."

Alizitazama, akanitazama. Akalaza bolti ya inchi juu ya bolti ya milimita, meno kwa meno, akainua kwenye mwanga. Meno hayakulalana, mwanga ulipita katikati. "Hivi ndivyo tulivyopaswa kuanza," akasema. "Lakini nati ina meno ndani. Hayaonekani."

"Lete hapa," Chepkosgei akasema. Alikuwa mchuma chai tangu usichana. Kidole chake kilijua jani changa na jani gumu bila jicho kuangalia. Aliingiza ncha ya kidole kidogo ndani ya nati, akaipangusa samli kwa kanga yake, akaingiza tena. "Hii meno yake iko mbalimbali. Hii imekaribiana. Hii mbalimbali." Wanawake wengine wakaketi, wakagawana sahani. Walibishana kama wako kwenye mizani ya majani ya chai. Onyancha akawa anajaribu wanachompa, mara akae, mara asimame, mara atazame jua.

Tatu zilipatikana. Ziliingia kwa shida, zikilia, na zikakaa. Ya nne haikuwamo.

"Tatu haitoshi?" nikauliza.

"Itacheza tena."

Alitoka kwenda kuangalia pale magunia yalipokuwa. Nikamfuata. Mzee Kipkorir alikuwa hapo nyasini, amepiga magoti katika matope na koti lake jeusi, akipapasa kwa vidole palipopita maji ya mvua. Sijui alikuwa ametafuta hivyo kwa muda gani. Mikono yote miwili ilikuwa nyeusi hadi kwenye viwiko.

"Mzee, acha. Simama," Onyancha akasema, akamshika kwapani.

"Subiri." Akafungua ngumi. Kulikuwa na jiwe, kifuniko cha chupa, na nati iliyojaa udongo. "Sijui ni ya kabila gani."

Chepkosgei aliiosha kwa maji yangu ya chai, akaingiza kidole. "Mbalimbali," akasema.

Injini ilinguruma bila kucheza. Onyancha hakuondoka kando yake hata kidogo, kiganja juu ya chuma, kama anayepima homa ya mtoto. Unga wa Chepkosgei ulitoka, akaubeba ungali moto, akikimbia na lile gauni. Nilimvua Mzee koti nikalipangusa kwa kitambaa chenye maji mpaka likapendeza. Alifika kwa Chepkosgei kabla ya wageni.

Jioni hiyo hakuja kunywa chai. Onyancha aliuliza mara nyingi kama nimesikia mtu mlangoni. Ilipokaribia giza mzee akaja, amebeba kibuyu cha maziwa ya mursik kutoka karamuni, akasimama nje ya kizingiti.

"Wamekubaliana," akasema. "Ugali ilikuwa laini. Chukueni maziwa, mimi narudi."

"Ingia, Mzee."

"Mikono yangu imesumbua hii nyumba ya kutosha."

Akageuka. Onyancha alimfuata hadi njiani bila viatu. Nilimsikia akisema, si kwa sauti kubwa, "Mzee, kesho uje. Usipokuja hiyo chai sitaionja. Tafadhali uje."