Kitufe cha Kati

Laptopu ya yule mpiga chapa ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kubofya, na balaa lote lilianzia hapo. Shemeji yake, fundi kompyuta, mume wa dada yake aliyekuwa akikaa kwake pamoja na mkewe, alimwona anavyohangaika, akamwekea programu ndogo. Ukishikilia kitufe fulani kwenye kibodi huku ukibofya, mashine inadhani una kitufe cha kulia. Ukishikilia kile cha pembeni kabisa, inadhani una cha kati. Alimweleza kila kimoja kinafanya nini. Yeye akaitikia ndiyo, ndiyo, akili iko kwingine.

Akili ilikuwa kwenye barua ya daktari, iliyomfikia kwenye laptopu hiyohiyo. Uvimbe titini mwake, palepale ulipomwanzia mama yao. Dada ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, na mpaka leo akitajiwa hospitali hupoteza usingizi. Basi asijue kitu, walau hadi majibu ya kipimo yatoke.

Siku mbili baadaye, katikati ya mkataba wa nyumba aliokuwa akiuchapa, akakuta: "Mpangaji atapaka rangi kuta na kurudi kliniki Alhamisi." Maneno ya daktari hayo, na yeye hakuyaandika. Nani mwingine ameigusa mashine hii? Tangu hapo raha ikamwisha. Shemeji akimwuliza ameamkaje, yeye anasikia upelelezi. Akimwongezea chai, anajiuliza kwa nini leo. Mtu mpole namna ile, jamani, lazima ana lake jambo.

Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia, akamwandikia dada ujumbe kwenye laptopu. Akaupitia kwa mazoea yake, ya kuburuta kishale na kupaka rangi kila mstari anaousoma asipotee. Mwishowe moyo ukasita, hakuutuma. Akarudi kwenye kazi iliyokuwa ikimngoja, mkataba wa kibanda cha duka ambacho shemeji mwenyewe alitaka kukipanga. Akabofya hapa na pale, kidole gumba kimelala kwenye pembe ya kibodi kinapopenda kulala, akauchapisha bila kuusoma tena.

Mezani, wote watatu wakila, shemeji akausoma kwa sauti, kwa madaha ya mwenye duka mtarajiwa.

"Mpangaji atatunza mlango, na... mumeo anaingia kwenye mashine yangu, anasoma barua ya daktari kwa siri."

Akauweka mkataba kando. Kisha akaivuta laptopu, akaigeuza juu chini, taratibu. Tumboni kulikuwa na karatasi aliyoibandika siku ile, kwa mwandiko wake: *Kitufe cha kati kinabandika maneno uliyopaka rangi mwisho.*

"Nilikwambia, shemeji," alisema. "Sijasoma kitu chako hata kimoja."

Aibu ikamjaa mpiga chapa, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Hakupewa nafasi. Dada alikuwa ameweka kijiko chini, na hakumtazama mumewe wala mashine.

"Barua gani ya daktari?" aliuliza.