Tone la Maji Matupu

Maji matupu hupima sabini na mbili. Kila aliyewahi kufanya kazi katika maabara ile ya chuo mjini Sfax analijua hilo. Asubuhi hiyo mashine ilimwambia Sondes sitini na moja.

Akapima tena. Alining'iniza tone kwenye ncha ya sindano, kamera ikalipiga picha, na kompyuta ikasoma umbo lake ili kujua uso wa maji una nguvu kiasi gani. Tone la maji safi hujikusanya likanenepa. Hili lilirefuka kama kibuyu. Sitini na moja.

Kwa miezi minne alikuwa akiandika kwamba majani ya mzeituni hushusha namba hiyo mpaka sitini na moja. Tasnifu yake nzima ilisimama hapo, na zilibaki siku kumi aitetee. Sasa ndani ya bomba la sindano hamkuwa na jani hata moja.

Akalifungua bomba la sindano, akapitisha kidole kwenye kisukumio chake. Kidole kikang'aa.

"Mama Salha, hiki kimepakwa nini?"

Salha, aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara tangu Sondes hajazaliwa, alijifuta mikono. "Mafuta ya zeituni, mwanangu. Kilikuwa kinakwama, nikakuona unahangaika nacho na saumu yako. Ya shambani kwetu hayo, si ya dukani!"

"Lini?"

"Ramadhani. Na kila nikikiosha nakiongezea kidogo. Kwani vibaya?"

Sondes alitamani kupiga kelele. Lakini alijua kwamba kila asubuhi hupimwa maji matupu kwanza, ndipo kazi ianze. Ramadhani alikuwa akiliruka hilo awahi kufuturu nyumbani. Ramadhani ikapita, uvivu ukabaki.

Profesa Lasaad, msimamizi wake, akaingia, akaona namba, akaona kile kisukumio. "Nani kapaka mafuta chombo cha kupimia?"

Salha aliinamisha kichwa. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja.

"Kosa langu, Profesa," Sondes akasema. "Sijapima maji matupu tangu Ramadhani. Ningepima siku moja tu, ningejua ni mafuta yanayoshusha namba, si majani."

Profesa akaigeukia tarehe ya utetezi ubaoni. "Na utetezi?"

"Uahirishwe. Narudia yote."

Profesa akaifuta ile tarehe, akatoka bila kuuliza tena.

Kesho yake, kwa bomba jipya, maji yalitoa sabini na mbili. Sondes akatia maji ya majani: sabini na moja. Akarudia mara tano.

"Moja tu?" Salha akauliza kwa sauti ndogo.

"Moja tu, mama."

Ilimuuma, wala hakuficha. Akaandika sabini na moja kwenye daftari jipya, chini ya sabini na mbili.

Adhuhuri Salha alimwekea mkate, yai la kuchemsha na harisa ya pilipili. Sondes akaupasua mkate. Ndani mkavu kabisa.

"Mafuta yako wapi?"

"Nimeyaacha nyumbani. Kula hivyo hivyo."

Sondes akacheka huku machozi yakimtoka, akaula wote.